Maswali ya Wasomaji: Kwa Nini Viwanda Huzaliwa Hapa na Kufa Pale

Katika toleo lililopita niliandika kwamba mji hauchagui kazi zake upya kila kunapokucha, bali hurithi, na kwamba Nakuru na Kisumu ni ndugu wa reli moja waliogawana urithi usiolingana. Barua zilizonifikia ni nyingi kuliko kurasa nilizopewa. Nimechagua nne na kuzifupisha pasipo kugusa hoja zake.

SWALI: Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa jiografia hapa Njoro. Mhadhiri wetu ametufundisha mtazamo wa mageuko katika jiografia ya uchumi, kisha akataja kwamba wapo wanaoulaumu kwa kuisahau siasa. Makala nilizozisoma zimeandikwa kana kwamba kila msomaji anajua ugomvi ulikoanzia. Naomba unieleze ugomvi wenyewe, na ikiwezekana kwa mifano ya hapa kwetu. (Mwanafunzi, Njoro)

JIBU: Mwanangu, ugomvi huu una umri mkubwa kuliko vyuo vyetu vyote. Mwaka 1898 Mmarekani Thorstein Veblen aliuliza kwa nini elimu ya uchumi haikuwa sayansi ya mageuko, yaani ya jinsi mambo yanavyorithiwa, kubadilika na kuchujwa. Kilichomkera ni wanauchumi waliomchora binadamu kama kikokotoo cha raha na maumivu, kiumbe asiye na jana wala mazoea. Mwaka 2006 wasomi wawili wa Uholanzi, Ron Boschma na Koen Frenken, waliliazima swali hilo na kuliuliza juu ya jiografia ya uchumi. Kati ya miaka hiyo miwili kulikuwa na kazi ya Richard Nelson na Sidney Winter, walioeleza mwaka 1982 kwamba kampuni haiketi kila siku kutafuta njia bora kuliko zote, bali huongozwa na mazoea yake ya kazi: namna ya kununua malighafi, ya kumfundisha kibarua mgeni, ya kurekebisha mtambo ulioharibika. Mazoea hayo hurithishwa, hubadilika kidogo kidogo, na soko huyachuja.

Boschma na Frenken waliongeza swali la mahali. Mazoea hukaa wapi? Hukaa mahali yalipozaliwa, kwa sababu anayeacha kazi ili afungue karakana yake kwa kawaida hahami mbali na nyumbani, na huondoka na ujuzi wa alikotoka. Mfano unaotajwa sana ni wa Detroit. Steven Klepper alionyesha kwamba mji huo haukuwa makao ya magari ya Marekani kwa sababu ya chuma wala maziwa yake makuu, bali kampuni chache za mwanzo zilizofaulu, ikiwemo ile ya Ransom Olds, zilizaa kampuni nyingine kupitia wafanyakazi waliotoka, na watoto wa mzazi hodari wakawa hodari. Huko Uswidi, utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulifuatilia mikoa 70 tangu 1969 hadi 2002, ukaona kwamba kiwanda cha aina mpya huelekea kuingia katika mkoa ambao tayari una shughuli zenye ujuzi wa jirani, yaani unaokaribiana na wake, na kwamba kisicho na jirani huwa katika hatari kubwa zaidi ya kutoweka.

Kuna na hoja ya kufungwa na njia ya awali. Paul David aliitumia taipureta mwaka 1985 kuieleza: mpangilio wa herufi uliochaguliwa katika karne ya 19 ungali kwenye simu uliyonayo mfukoni, si kwa kuwa ndio bora, bali kwa kuwa kila aliyejifunza kuutumia aliongeza gharama ya kuuacha. Wanajiografia waliipenda hoja hii, na sioni ajabu, kwani maeneo mengi huishi na maamuzi ambayo walioyafanya walikwisha kufa.

Sasa lawama. Mwaka 2009 Danny MacKinnon, Andrew Cumbers, Andy Pike, Kean Birch na Robert McMaster waliandika kwamba mtazamo huu umeikazia macho kampuni na mazoea yake hata ukaipoteza picha ya mfumo unaoizunguka, yaani mtaji unaotafuta faida, ujira na wanaoupigania, na dola inayoamua nani apewe ardhi, kibali au mkopo. Hawakutaka historia itupwe. Walitaka mageuko yasomwe pamoja na uchumi wa kisiasa, ule ambao mwanajiografia David Harvey aliutumia kueleza jinsi mtaji unavyokimbilia maeneo mapya unapobanwa kwake, na mwenzake Doreen Massey alioutumia kuonyesha kwamba mgawanyo wa kazi kati ya mikoa ni mgawanyo wa mamlaka pia: makao makuu huku, vibarua kule. Boschma na Frenken walijibu kwamba hawazikatai taasisi, ila kampuni mbili zilizo chini ya sheria moja huweza kuwa na mazoea tofauti kabisa, na tofauti hiyo nayo inadai maelezo. Jibu hilo lina uzito. Lakini linafaa zaidi pale ambapo sheria ni moja kwa wote.

Ichukue ramani uitazame reli ya kutoka Mombasa. Ilifika ziwani mwezi Desemba 1901, mahali palipoitwa Port Florence, ambapo leo ni Kisumu. Kwa takriban miaka 30 mizigo ya Uganda ilipakuliwa hapo kutoka kwenye meli za mvuke na kupakiwa kwenye mabehewa. Mji uliota juu ya kazi hiyo ya kupakua na kupakia: makuli, maghala, karakana za meli, wachuuzi wa kuwalisha makuli. Mtu wa mageuko angetabiri kwamba bandari ingezidi kuzaa kazi za jirani. Kisha njia kuu ikajengwa kutoka Nakuru kupitia Eldoret, ikapandishwa juu ya Timboroa, zaidi ya mita 2,700 juu ya usawa wa bahari, na kufika Kampala mwaka 1931. Kisumu ikabaki kwenye tawi. Nakuru ikawa njia panda.

Nilipokuwa nikifundisha shule ya upili, wanafunzi wangu waliichora reli hiyo kila mwaka, nami niliwapa alama kwa kuweka Timboroa mahali pake. Sikuwahi kuwauliza kwa nini treni ipande mlima wakati ziwa lilikuwa tayari linabeba mizigo, na kosa hilo ni langu. Juu ya uwanda wa Uasin Gishu walikuwepo walowezi wa Kizungu na mahindi yao. Ardhi iliyoizunguka Nakuru ilikuwa imetengwa kwa ajili yao, huku Nyanza na nchi ya Waluhya zikiwa hazina ya vibarua waliosukumwa na kodi ya nyumba kwenda kutafuta ujira. Mwafrika alizuiwa kupanda kahawa hadi miaka ya 1930, ilipoanza kuruhusiwa kwa uangalifu mkubwa katika sehemu chache kama Kisii na Meru, na mlango haukufunguliwa vizuri hadi baada ya 1954. Hapo huwezi kusema kwamba wakulima wa Nyanza walikuwa na mazoea hafifu yaliyochujwa na soko. Hawakuruhusiwa kuingia sokoni ili wachujwe.

Uhuru nao haukuifuta njia. Waraka wa Bunge nambari 10 wa mwaka 1965 ulielekeza kwamba fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapoongeza pato kwa wingi zaidi. Sentensi hiyo inasikika kama hesabu tupu. Lakini mahali palipoweza kuongeza pato kwa haraka ni palipokuwa tayari na reli, barabara na hati za ardhi, kwa hiyo upendeleo wa mkoloni ukageuzwa kuwa sifa ya mahali penyewe. Ukitaka mfano mmoja wa jinsi siasa inavyojificha ndani ya kufungwa na njia, andika huo katika insha yako.

SWALI: Nimepanda miwa tangu enzi za baba yangu. Kiwanda chetu kilipokwama, kijana mmoja aliyesoma alituambia katika baraza kwamba soko ndilo lililoamua na kwamba kampuni dhaifu hufa kama mnyama dhaifu. Je, ni kweli? Na kama ni kweli, kwa nini mimi niliyekuwa nikileta miwa mizuri ndiye niliyeumia? (Mkulima, Mumias)

JIBU: Mzee wangu, kijana huyo amelichukua neno la kitabuni akalitumia bila kulipima. Tuanze na miwa yenyewe, kwa kuwa mengi yamo humo. Muwa ukishakatwa huanza kupoteza sukari, nao ni mzigo mzito wenye thamani ndogo kwa kila kilo, kwa hiyo lazima usagwe karibu na upesi. Zao la kwanza huhitaji mwaka mmoja na nusu au zaidi kukomaa katika ukanda wenu, na baada ya kukatwa mashina huchipua tena kwa mavuno mengine. Maana yake ni kwamba ukishaamua kupanda umejifunga kwa miaka kadhaa, na umejifunga kwa kiwanda kimoja, kwa kuwa cha pili kiko mbali. Kiwanda nacho kimejifunga kwako: mitambo yake haiwezi kusaga mahindi. Watu wa mageuko wangeita hali hii kufungika, na wangekuwa sahihi.

Gernot Grabher aliuchunguza ukanda wa makaa na chuma wa Ruhr, nchini Ujerumani, akaeleza mwaka 1993 kwamba eneo hufungwa kwa mafundo matatu. La kwanza ni la kikazi, pale wanaouziana wanapozoeana mno hata hawatafuti mteja mwingine. La pili ni la kifikra, pale wote wanapoutazama ulimwengu kwa jicho moja na kuidhania dhoruba kuwa ni manyunyu. La tatu ni la kisiasa: wenye viwanda, vyama vya wafanyakazi na serikali wanaposhikana mikono kulinda kilichopo. Nilipoyasoma hayo kwa mara ya kwanza sikuifikiria Ujerumani hata kidogo. Niliifikiria barabara ya kutoka Kakamega kwenda Bungoma.

Fundo la tatu ndilo la kutazamwa kwa makini huku kwetu. Kiwanda cha Miwani kilianzishwa na mtaji binafsi wakati wa ukoloni, lakini viwanda vilivyofuata vilikuwa matokeo ya uamuzi wa serikali ya kujitosheleza kwa sukari: Muhoroni 1966, Chemelil 1968, Mumias 1973, Nzoia 1978, na Sony huko Awendo 1979. Havikuota vyenyewe kutokana na karakana ndogo kama magari ya Detroit. Vilipandwa. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 soko letu lilikingwa dhidi ya sukari ya nchi nyingine za COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, kwa kinga ya muda iliyoongezwa mara kwa mara, kwa ahadi kwamba muda huo ungetumiwa kupunguza gharama. Kwa upande mwingine, sukari ya nje iliendelea kuingia kwa vibali, na kibali ni karatasi inayosainiwa na mtu ofisini. Sasa niambie, katika mpango kama huo, soko liko wapi na mchujo uko wapi? Mnyama dhaifu wa kijana yule anaishi msituni. Kiwanda chako kiliishi katika zizi lenye wachungaji wengi, na wachungaji hawakuwa na nia moja.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisiiridhie nadharia ikiwa peke yake. Ushauri wa wataalamu wa mageuko kwa eneo lililofungika ni kutanuka kuelekea shughuli za jirani, zile zinazotumia ujuzi na malighafi ambayo tayari yapo. Mumias ilifanya hivyo hasa. Ilizalisha umeme kutokana na makapi ya miwa, ikajenga kiwanda cha ethanoli, na tangu 2001 hisa zake ziliuzwa katika soko la hisa la Nairobi. Kwa vipimo vya kitabu ilikuwa mwanafunzi bora wa darasa. Hata hivyo mwaka 2019 iliwekwa chini ya mrasimu, yaani msimamizi wa kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, huku wakulima wengi wakidai malipo ya miwa waliyokwisha kupeleka. Kama kutanuka kwa jirani kungetosha, tungekuwa na hadithi nyingine leo. Kwa hiyo chanzo kitafutwe pia katika swali la nani aliyeshika fedha, nani aliyelipwa kwanza na nani aliyelipwa mwisho.

Hapo ndipo lilipo jibu la swali lako la pili. Kampuni inapoanguka, mwenye mkopo uliodhaminiwa hulipwa mbele, na mkulima aliyetoa miwa kwa ahadi husimama nyuma ya foleni. Mpangilio huo hautokani na ubora wa miwa yako, ni wa kisheria. Naona watu wengi wa ukanda wenu wamerudi kwa wasagaji wa sukari nguru, ambao bei yao ni ndogo lakini hulipa papo hapo. Wataalamu huwacheka kwamba wamerudi nyuma kiteknolojia. Mimi nasema wamemchagua mnunuzi asiyeweza kukaa na pesa zao.

SWALI: Mimi ni fundi wa vyuma karibu na soko la Kibuye. Watafiti huja, huuliza napata shilingi ngapi kwa siku, kisha huondoka. Hawaulizi nilijifunza wapi. Je, ujuzi wetu hauna nafasi katika elimu hiyo yenu? (Fundi, Kisumu)

JIBU: Ndugu fundi, una nafasi, na pengine ungekuwa mfano bora kuliko ule wa Detroit. Shirika la Kazi Duniani lilipoleta ujumbe wake Kenya mwaka 1972, ripoti yake ilisaidia kuueneza ulimwenguni msamiati wa sekta isiyo rasmi. Msomi Kenneth King alikwenda mbali zaidi, akafuatilia jinsi mafundi Waafrika walivyopata ujuzi wao katika karakana za Wahindi, kisha wakatoka na kujifungulia zao kando ya barabara, wakafunza vijana, nao vijana wakatoka. Huo ni ukoo kamili wa mazoea ya kazi, tofauti yake ni kwamba hakuna aliyeusajili. Mtafiti anayekuuliza mapato tu amehesabu matunda akasahau shina.

Lakini nikutajie na ziwa, kwa sababu hapo ndipo lugha ya mageuko inaponichekesha. Ziwa letu lilisifika miongoni mwa wanabiolojia kwa mamia ya jamii za samaki wadogo, wale ambao Wajaluo huwaita fulu, waliogeuka na kugawanyika humo humo. Kisha katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 mbuta, samaki mkubwa anayekula samaki wengine, aliletwa kutoka maji mengine na kutiwa ziwani. Kufikia miaka ya 1980 mbuta alikuwa ameenea kila mahali na jamii nyingi za fulu zimetoweka. Mchujo wa kimaumbile ulikuwepo, ndiyo, lakini aliyemtia mchujaji majini alikuwa binadamu.

Mbuta alizaa viwanda vya minofu mjini Kisumu, viwanda vikazaa kazi za barafu, mashua, nyavu na usafiri. Mnofu ulikwenda Ulaya. Kichwa na mifupa, yaani mgongo wazi, vilibaki kwetu, na akina mama wa Obunga wakavikaanga na kuviuza kwa wasioweza kumnunua samaki mzima. Ni ujuzi wa jirani, tena mkubwa, lakini mgawanyo wake ungefahamika vizuri kwa Massey, yule wa makao makuu huku na vibarua kule. Ulaya ilipofunga milango yake mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu za kiafya, kwanza kwa hofu ya kipindupindu na baadaye ya sumu iliyotumika kuvulia, uamuzi wa ofisi za mbali ulionekana siku chache baadaye katika sufuria za Obunga. Kwa hiyo mtafiti akirudi, mweleze ukoo wako wa ufundi, halafu umwombe pia aandike chuma chako hutoka kwa nani, kwa bei iliyopangwa na nani, na kibanda chako kimesimama juu ya ardhi ya nani.

SWALI: Hapa Nakuru tunaambiwa kaunti itafufua pareto. Wengine wanasema ni afadhali kutafuta kiwanda kipya kabisa. Wewe ungeshauri nini? (Mkazi, Molo)

JIBU: Ningeipa pareto, ua linalotoa dawa ya kuua wadudu, nafasi, lakini kwa sharti. Kenya iliwahi kuongoza dunia nzima kwa zao hili, na bodi yake ilikuwa Nakuru. Mashamba ya Molo na Kuresoi yalijua kulima, kuchuma na kukausha, na mjini walijua kukamua dawa iliyomo ndani ya ua. Dawa za viwandani zilizoiga pareto zilipunguza soko, hilo ni kweli. Hata hivyo kisiwa cha Tasmania, nchini Australia, kiliingia katika soko hilo hilo na kikastawi, kwa hiyo ushindani peke yake hauelezi kuanguka kwetu. Huku mnunuzi alikuwa mmoja kwa sheria, na alipochelewa kulipa hukuwa na pa kupeleka maua yako. Watu waling'oa wakapanda viazi. Sheria ya mwaka 2013 iliwafungulia wanunuzi wengine mlango.

Ujuzi haujaisha, lakini uko kwa watu wenye mvi, na hilo lina muda wake. Kaunti inaweza kugawa miche, nayo ni kazi rahisi inayopendeza kwenye picha. Mche wa pareto hukaa shambani kama miaka mitatu, na katika msimu maua huchumwa kila baada ya wiki mbili au tatu, kwa mkono, mara nyingi mikono ya wanawake na watoto wao. Kabla ya kuongeza ekari ya pili, waulize watakaonunua malipo yatatoka baada ya siku ngapi tangu kupima maua, yataingia katika simu ya nani, ya mwenye hati ya shamba au ya aliyechuma, na wakichelewa utamshtaki nani. Wakikujibu kwa maandishi, panda.